Nilienda Kununua Bunduki, Nikarudi na Mbuzi Chongo

Nianze na ukweli wenyewe ili baadaye msiseme nimewazunguka. Mwaka jana nilitoka Ikutha na shilingi 18,000 ndani ya soksi, nikavuka Mto Athi, nikaingia upande wa Makueni kwenda kununua bunduki. Si AK. Si ya kuibia mtu. Bunduki ndogo tu, ya kupiga tumbili. Jioni hiyo hiyo nikarudi kwa susu nimepakata mbuzi wa jicho moja juu ya pikipiki, na soksi imebaki na 9,300.

Wengi mmekuwa mkiuliza yule mbuzi anayekatiza nyuma ya video zangu ni wa nani na mbona anaitwa Skopu. Leo nawapa stori yote. Kuna mahali sijipendi ndani yake, lakini nimechoka kuikwepa.

Kwa wale wageni: niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilikwama, nikasema narudi semesta ijayo. Semesta ijayo ikawa mwaka, na mwaka ukanikuta nauza kava za simu Nairobi mchana, usiku narekodi video. Kodi iliponilemea, mathe akapiga simu. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Susu yako amemalizwa na nyani. Kama huna kazi huko, nenda ukamlindie shamba."

Ebu jiweke hapo. Nina miaka 22. Wale tulioanza nao chuo wanaposti picha wakiwa na majoho. Mimi natumwa kulinda mahindi. Kwetu Ukambani kulinda shamba ni kazi ya mtoto wa darasa la tatu. Niliifanya mwenyewe nikiwa mdogo, tukienda Kitui likizo, manati shingoni na chupa ya uji pembeni. Sasa narudishwa kwenye jiwe lile lile nikiwa na ndevu.

Shamba la susu, yaani nyanya yangu mzaa mama, ni ekari tatu zinazoshuka kuelekea mtoni. Kuna mahindi, kunde, ndengu, mbaazi na kipande cha mtama. Kama hujakaa ukame, huenda hujui mvua ya kutegemewa kwetu ni ile ya Oktoba hadi Desemba. Ukiikosa hiyo, umekosa mwaka. Kwa hiyo kila mbegu inayoingia ardhini mwezi wa kumi inahesabiwa.

Kindi ndio huanza. Unapanda leo, kesho asubuhi unakuta mashimo madogo yamepangwa kwenye mstari kana kwamba kuna mtu aliyewaonyesha ulipoweka mbegu. Unarudia kupanda. Halafu mahindi yakianza kubeba, wanakuja tumbili. Wanalala kwenye miti mikubwa ya mtoni. Wanashuka alfajiri kabla umande haujakauka, na wanarudi tena baada ya saa kumi jioni. Mmoja anakaa juu ya mti akiangalia. Wengine wanaingia. Na tumbili hali kama mtu mwenye njaa, anakula kama mtu aliyealikwa harusi mbili siku moja. Anavunja hindi, anauma mara mbili, anatupa, anavunja lingine.

Kitu kilichoniuma zaidi ni hiki: susu akiwapigia kelele, hawatoki. Wanamwangalia. Mimi nikisimama, wanaondoka, polepole, lakini wanaondoka. Tumbili wanajua mwanamke na wanajua mwanamume. Msidhani ni imani za kijijini. Mwaka 2007 wanawake wa Nachu, kule Kikuyu, walisumbuliwa na tumbili mpaka habari ikafika bungeni na kwenye vyombo vya habari vya nje. Walijaribu hata kuvaa suruali za wanaume, na tumbili hawakudanganyika. Na huko Amboseli, ng'ambo ya milima ya Chyulu ukitoka kwetu, watafiti Robert Seyfarth na Dorothy Cheney walionyesha miaka mingi iliyopita kwamba tumbili wana mlio wa chui, mlio mwingine wa tai na mwingine wa nyoka. Mnyama anayetofautisha hatari kiasi hicho hawezi kushindwa kumjua susu yangu.

Basi mchana nakaa kwenye jiwe, usiku naangalia simu. Na ndio nikaingia kwenye zile video.

Kama hamjaziona, ziko nyingi. Ni wazungu wa Marekani, wengi wao kwenye majimbo yenye ardhi pana kama Wyoming, Montana na Dakota Kusini, wanapiga wanyama wadogo wanaoharibu malisho na mashamba. Wana bunduki ndogo zenye darubini juu, wenyewe wanaiita skopu. Maarufu zaidi ni ile ya .22, ambayo risasi yake ilitengenezwa Marekani mwaka 1887 na bado inauzwa mpaka leo. Risasi yenyewe ina upana wa milimita 5.6 na uzito wa gramu kama 2.6. Haina kelele nyingi, haina teke begani, na bei yake ni ya chini ukilinganisha na risasi nyingine. Kuna nyingine nyembamba zaidi, .17 HMR, iliyotoka mwaka 2002, inaenda kasi sana na inanyooka.

Jamaa analala kifudifudi juu ya mkeka, anavuta pumzi, anaachilia nusu, anabonyeza. Mbali kule kitu kinaanguka. Anageuka kwa kamera anatabasamu. Watazamaji milioni mbili.

Mimi nilikuwa na tumbili thelathini na watazamaji mia nne. Hesabu ilijifanya yenyewe.

Msinielewe vibaya, nilianza kwa njia halali. Nilisoma. Kenya kuna Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, na huwezi kumiliki bunduki bila cheti kutoka kwa Bodi ya Leseni za Silaha. Unatakiwa uwe na sababu ya kutosha, uwe na cheti cha tabia njema kutoka polisi, na ueleze utaihifadhi wapi. Nikajiona nikijaza fomu. Kazi: anaposti video. Makao: chumba cha susu chenye mlango wa kufunga kwa waya. Sababu: tumbili. Nikacheka peke yangu.

Tena hata ungepewa hiyo bunduki, usingeruhusiwa kuitumia kwa kile unachotaka. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inasema hata anayewinda ili apate kitoweo tu ana kosa, na faini yake haianzi chini ya shilingi 30,000, au jela isiyopungua miezi sita. Mnyama akikusumbua shambani, wa kumshughulikia ni shirika la KWS. Wewe piga simu, subiri.

Kwa hiyo mlango wa mbele ulifungwa. Nikatafuta wa nyuma.

Jamaa mmoja niliyefahamiana naye kwenye gari la Kibwezi aliniambia ana bunduki ya upepo. Haitumii baruti, unaikunja katikati inajaa nguvu, unaweka kijirisasi chenye ukubwa wa punje ya ndengu. Akaniapia kwamba ya upepo haihesabiwi kama bunduki, ni kama manati ya kisasa. Elfu kumi na tano, pamoja na mkebe mmoja wa vijirisasi. Mimi nikataka kuamini, na mtu akitaka kuamini hahitaji ushahidi. Baadaye nilikuja kuambiwa kwamba sheria yetu inaihesabu hata hiyo ya upepo pamoja na bunduki nyingine. Lakini siku ile sikuuliza mtu ambaye angenijibu hivyo.

Pesa nilitoa wapi? Nusu ni za kuuza kava. Nusu ni za susu. Alinipa ninunue nyavu na waya wa kuzungushia kipande cha mtama. Hapo ndipo sijipendi.

Tulikutana upande wa Makueni, mahali si mbali na mto. Jamaa akatoa bunduki ndani ya gunia. Wasee, nitasema ukweli: ilikuwa nzuri. Mbao ya kahawia, chuma baridi, skopu juu. Nilipoiweka begani niliacha kuwa yule kijana wa kulinda mahindi. Sijui kuieleza vizuri kuliko hivyo. Nilisimama vingine hata.

Akasema tuijaribu. Akaweka mtungi mtupu wa lita tano juu ya jiwe, hatua kama arobaini. Nyuma ya jiwe kulikuwa na vichaka vya miiba, mimi niliona ni pori tu. Nikaweka simu juu ya mti inirekodi. Nikalala kifudifudi kama wale wa Wyoming. Nikavuta pumzi, nikaachilia nusu.

Ya kwanza ilipiga mtungi. Nikageuka kwa kamera nikatabasamu. Iko kwenye simu mpaka leo, hilo tabasamu.

Ya pili ilikosa.

Hakukuwa na kitu cha ajabu. Mlio mdogo wa "pak", halafu kimya, halafu mbuzi akalia. Si kule kulia kwa kawaida. Halafu sauti ya mtoto: "Uui!"

Jamaa wangu alishachukua bunduki akairudisha kwenye gunia kabla mimi sijainuka. Mimi nilikimbia kuelekea kichakani. Nikamkuta mvulana wa miaka kama tisa, fimbo mkononi, amemshika mbuzi jike mweupe shingoni. Damu inatoka kwenye jicho la kushoto la mbuzi. Mtoto mwenyewe hakuwa na kitu. Alikuwa amesimama nyuma ya yule mbuzi, hatua moja, labda moja na nusu. Kimo chake na kimo cha kichwa cha mbuzi havikuachana sana kwa sababu alikuwa amechuchumaa akitoa mwiba mguuni.

Nilimuuliza kama ameumia. Akatikisa kichwa. Akauliza, "Ni jiwe?"

Nikasema ndiyo. Nilimdanganya mtoto. Nilikuwa na miaka 22 na nilimdanganya mtoto wa miaka tisa kuhusu kitu ambacho nusura kimuue au kimtoe jicho.

Kugeuka, jamaa wa bunduki hayupo, gunia halipo, na sikumlaumu sana. Nikamfuata mtoto mpaka kwao. Mama yake alikuwa anatwanga. Aliangalia lile jicho, akaangalia viatu vyangu, akaangalia simu mkononi mwangu. Nilianza kusema ya jiwe, maneno yakaisha njiani. Nikamwambia yote.

Hakupiga nduru. Ningefurahi angepiga. Aliweka mchi chini akasema, "Mbuzi utanilipa. Huyu mwanangu ungemlipaje?"

Sikuwa na jibu, na yeye hakuwa anangoja jibu. Alitaja 7,500. Mbuzi alikuwa amebakiza mwezi hivi azae, kwa hiyo hakunionea. Nililipa, na kwa kuwa nimelipa, mbuzi ni wangu. Nikapita kwenye duka la dawa za mifugo nikanunua dawa ya 500, bodaboda akataka 700 kwa sababu amebeba "abiria wawili", na ndivyo nilivyovuka Athi nikiwa nimempakata mbuzi aliyefungwa leso usoni. Watu walituangalia mpaka Ikutha.

Susu alikuwa amekaa mlangoni. Alimwangalia mbuzi kwa muda mrefu. Akauliza, "Hii ndiyo waya?"

Nilimwambia ukweli usiku huo. Hakusema kitu mpaka tumemaliza kula. Halafu akaniambia nipandishe mkono pale juu jikoni kwenye boriti, nimshushie kile kitu cha babu. Ulikuwa ni uta. Upinde. Umekauka, kamba imekatika, umejaa masizi. Nilikuwa nimeuona tangu utotoni lakini sijawahi kuushika.

Wengi wenu mmesikia Wakamba tulikuwa wawindaji, na mmesikia habari ya sumu ya mishale inayopikwa kutoka kwa mti wa kivai. Ni kweli. Ni kweli pia kwamba mambo hayo yaliisha vibaya. Tsavo ilifanywa mbuga mwaka 1948, na mwaka 1956 hadi 1957 serikali ya mkoloni iliendesha kampeni kubwa ya kukamata wawindaji, wengi wakiwa Wakamba na Wawaata, wakafungwa. Wakati huo huo, mzungu mwenye leseni na bunduki alikuwa anawinda kihalali. Ndiyo maana mzee yeyote wa Kitui Kusini ukimtajia bunduki na wanyama, ana kumbukumbu zake, na si za kufurahisha.

Lakini susu hakuwa ananipa somo la historia. Aliniambia kitu kidogo sana. Kwamba mtu wa uta alikuwa lazima amkaribie mnyama mpaka asikie anavyotafuna. Hatua ishirini, thelathini. Kwa hiyo alikuwa anajua kilichoko mbele na kilichoko nyuma, kwa sababu alishatambaa saa nzima akiviangalia. "Wewe," akasema, "ulitaka kupiga kitu ambacho hata harufu yako hakijaisikia."

Jumapili yake akaja anko, ndugu ya mathe. Anko aliwahi kuwa askari wa akiba upande wa Mwingi Kaskazini, kule karibu na mpaka wa Tana River ambako watu wamekufa kwa risasi kwenye ugomvi wa malisho. Nilidhani atanichapa makofi. Alinichukua tu mpaka kwenye lile jiwe la kulindia, akasema, "Nionyeshe mahali tumbili wanakaa." Nikaonyesha ule mti mkubwa.

"Ungepiga kutoka hapa?"

"Ndiyo, anko."

"Ukikosa, inaenda wapi?"

Nikaangalia. Nyuma ya mti kuna njia ya kwenda mtoni kuteka maji. Nikaonyesha mti mwingine. Nyuma yake, boma la jirani, ukiangalia vizuri unaona bati. Mti wa tatu: kichaka, na ndani ya kichaka, kengele ya mbuzi. Kila mahali nilipoelekeza kidole kulikuwa na mtu, nyumba, au mtoto na mifugo. Nimekaa pale miezi miwili na sikuwa nimeliona hilo hata siku moja. Niliona pori.

Hapo ndipo nilielewa zile video. Risasi ya .22, hiyo ndogo, ya watoto kujifunzia, ikikosa na kuelekezwa juu kidogo inaweza kufika karibu kilomita mbili. Kule Montana kilomita mbili ni shamba la mtu mmoja. Hapa kwetu kilomita mbili ni shule ya msingi, kisima, kanisa, na nyumba za watu wanaolijua jina lako. Wale jamaa hawana roho mbaya na pengine ni waangalifu kuliko mimi. Wana nafasi tu. Video haikuonyeshi nafasi, inakuonyesha skopu. Na ukiangalia ndani ya skopu unaona kitu kimoja kikubwa na wazi, na dunia nyingine yote inapotea, pamoja na mtoto anayetoa mwiba.

Najua kuna mtu atasema, basi ungejifunza, ungefuata taratibu, kuna watu wana leseni Kenya na wanapiga shabaha vizuri kwenye viwanja vyao. Sawa kabisa. Sina ugomvi nao. Kama unapenda shabaha kama mchezo, nenda mahali penye ukuta wa udongo nyuma na mtu wa kukusimamia. Mimi naongea na wewe uliye kama mimi, uliyerudi ocha, umechoka kuonekana bure, na kuna jamaa amekuambia ana kitu ndani ya gunia. Hicho kitu hakitafuti tumbili. Mimi nilijidanganya ni tumbili. Nilitaka kusimama pale shambani bila kuona aibu.

Sasa tumbili waliishaje? Hawakuisha. Lakini mlichofundishwa mkiwa darasa la tatu kinafanya kazi, mkikifanya kama watu wazima. Zile pesa zilizobaki, pamoja na nilizolipa baadaye kidogo kidogo, nilinunua waya na nyavu za mtama. Nikafyeka kichaka chote cha pembeni ya shamba, hatua kumi na tano kwenda juu, kwa sababu tumbili hapendi kuvuka mahali peupe. Tukachukua mbwa wa pili. Na mimi mwenyewe nikakaa. Saa kumi na moja alfajiri mpaka saa tatu, halafu saa tisa mpaka giza. Nikitumia manati, natumia madonge ya udongo uliokauka, yanapasuka yakigonga. Wiki mbili za kwanza walinijaribu kila siku. Halafu wakaanza kupita mbali. Hawaogopi bunduki wasiyoijua. Wanaogopa mtu ambaye yuko pale kila siku.

Tulivuna magunia manne ya mahindi. Msimu kabla ya huo susu alivuna moja na nusu.

Na kuna kitu kingine kilichotokea ambacho sikukipanga. Binamu zangu wawili, mmoja darasa la tano, mwingine la nne, ndio walikuwa wakilinda kabla yangu. Kila msimu wa mavuno walikuwa wakikosa shule, wanapokezana siku. Muhula huo hawakukosa. Nilishindwa kumaliza shule yangu, lakini hiyo ya kwao nimeilinda kwa muhula mmoja. Sisemi ili mnipigie makofi. Nasema kwa sababu hakuna mtu anayehesabu hizo siku.

Na hapo ndipo hasira yangu iko sasa. Ile Sheria ya 2013 ina fidia. Mtu akiuawa na mnyama aliye kwenye orodha, familia inastahili shilingi milioni 5. Ndovu akila shamba lako, kuna fomu. Lakini tumbili na nyani hawamo kwenye orodha ya fidia ya mazao. Kwa sheria, tumbili akimaliza ekari tatu za susu, hakuna kilichotokea. Huruhusiwi kumpiga, na hulipwi alichokula. Sasa mzigo unamwangukia nani? Mama mzee ambaye tumbili hawamwogopi, na mtoto anayetolewa darasani. Halafu tunashangaa kijana akitafuta gunia.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Marufuku ya kuwinda naikubali. Sitaki kila boma la Ukambani liwe na bunduki, nimeona vijirisasi vinaenda wapi. Lakini huwezi kumwambia mtu asijitetee halafu usimtetee. Tumbili waingizwe kwenye orodha, au kaunti ilipe vijana wa kulinda mashamba msimu wa mavuno kama kazi, yenye mshahara na jina. Tuko wengi huku vijijini tuliokatizwa masomo, tunaojua kukaa kwenye jiwe. Mnatuita watu wasio na kazi wakati kazi yenyewe inafanywa na watoto bure.

Video ile ya mtungi sikuiposti. Wengine mmeniambia ingetrendi. Najua. Inaishia kwenye lile tabasamu, na ukiongeza sauti unamsikia mbuzi.

Nilirudi kwa yule mama mwezi wa pili, nikamkuta na mtoto wake. Skopu alikuwa ameshazaa mapacha, dume na jike, nikawapelekea jike. Mtoto alimshika masikio akamkagua macho yote mawili, moja baada ya lingine, kama daktari. Halafu akaniuliza kama siku hizi bado natupa mawe.

Nikamwambia ya udongo tu, na naangalia kwanza. Halafu nikakaa chini nikamweleza kwamba siku ile halikuwa jiwe.